Kwa Mnaotaka Kazi Yangu ya Kupima Chumvi ya Bahari

"Huyu ndiye mama yetu wa bahari," Bwana Mkude, mratibu wa mradi wetu, aliwaambia wageni waliokuja kuukagua, amenyoosha mkono kwangu kama anayeuza ng'ombe mnadani. "Msimu mzima uliopita, jua lake, mvua yake, na ujauzito juu, yeye yuko majini anapima chumvi. Editha, simama uwaeleze wageni."

Nikasimama. Mwanangu Anjela alikuwa mgongoni, amelala, amenilowesha. Wageni wakapiga makofi kabla sijafungua mdomo, na hayo makofi ndiyo yaliyonimaliza. Maneno ya Bwana Mkude nilishayazoea, yanaingia sikio hili yanatokea lile. Lakini kupigiwa makofi kwa kazi ambayo sikuifanya, kazi iliyounguza mpunga wa watu, hapana.

"Shikamooni wakubwa zangu," nikasema. "Msimu uliopita sikupima. Nilikuwa hapa hapa Ifakara, nimejifungua. Boti yetu haikuingia baharini hata mara moja. Tarakimu mlizoletewa zimenakiliwa kutoka kwenye ramani ya setilaiti, na zimenakiliwa sehemu ambayo wenye setilaiti wenyewe wanasema isiaminiwe."

Mama mmoja katika wageni, wa makamo, miwani imemshuka puani, akaniuliza, "Unasema hakuna kipimo hata kimoja?"

"Cha mto kipo. Cha bahari hakipo."

Bwana Mkude akacheka kile kicheko chake cha puani. "Uzazi huo, jamani. Mtoto hamwachi mwenzenu alale." Baadhi ya watu wakacheka naye. Mimi nikakaa. Nilikuwa nimemaliza.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Mstaafu mwenye mtoto wa kunyonya, sijafika hata miaka thelathini. Sasa tangazo la kutafuta mtu wa kujaza nafasi yangu limebandikwa ukutani pale ofisini Kibaoni, na nyie wadogo zangu mmeanza kuja kwangu mmoja mmoja, wengine mmetoka mpaka Kisawasawa na vyeti vya kidato cha nne kwenye mfuko wa plastiki. "Dada Editha, hiyo kazi ikoje? Ni ngumu? Kuogelea ni lazima?" Nimechoka kurudia. Naandika mara moja, msome wote. Nina hasira, sitaificha, lakini kazi yenyewe nitawaeleza kwa haki yake maana niliipenda.

Kwanza mnashangaa bahari imefikaje Ifakara. Mto wetu, huo mnaoupita darajani mkienda Mahenge kwenye misiba ya wajomba, hauishii porini. Unaingia Rufiji, Rufiji inajigawa mikono mingi kwenye delta, halafu inamwagika baharini. Pale maji yetu ya bonde yanakutana na maji ya chumvi. Mvua ikiwa nzuri huku kwetu, maji baridi, yasiyo na chumvi, yanaisukuma bahari nyuma. Mvua ikichelewa, bahari inapanda mtoni. Mradi unapima sehemu tatu: mtoni hapa, kule delta, na baharini nje ya delta. Ofisi iko Kibaoni kwa sababu kazi ilianzia kwenye mto. Ndiyo maana binti wa Kipogoro, aliyezaliwa kwenye mpunga, ambaye bahari aliijua kwenye kitabu cha jiografia tu, akaajiriwa kuipima.

Aliyenifundisha ni Dada Yustina. Fundi wa maabara kwelikweli, amesomea, mnene kidogo, mpole wa sauti na mkali wa macho. Alianza kazi hii wakati kipimo kilikuwa kioo kirefu kinachoelea: unakitumbukiza kwenye maji, kikizama sana maji hayana chumvi, kikielea juu yana chumvi. Baadaye ndiyo vikaja hivi vya umeme, vijiti unavyozamisha majini, maana chumvi ikizidi umeme unapita vizuri zaidi. Kile kioo alikihifadhi kabatini kwake kimeviringishwa kwenye kitenge. Siku vijiti vikigoma, anakitoa. Vijana wa ofisini walikuwa wanamtania, "Dada Yustina, na hicho kioo kina pensheni?" Anawajibu bila kuwatazama: "Kina adabu kuliko wewe."

Siku yangu ya kwanza alinipa chupa tupu na kuniambia niiandae. Mimi mtoto wa kike niliyelelewa na mama mkali, nikaiosha. Sabuni, brashi, maji ya kisima, nikaisuuza, nikaianika juani mpaka inang'aa. Nikamletea nikitegemea sifa.

"Umemaliza kuiharibu?" akaniuliza.

Kumbe usafi wetu wa jikoni siyo usafi wa chupa ya kipimo. Maji ya kisima yana chumvi yake. Yakikauka juani, maji yanaondoka, chumvi inabaki imeshika ukutani mwa chupa, huioni. Halafu unaijaza maji ya mto, unapima, unashangaa mto umekuwa na chumvi. Chupa inasuuzwa kwa maji yale yale unayokwenda kuyapima, mara tatu, unamwaga, ndipo unajaza. Kizibo nacho unakisuuza hivyo hivyo. Na kikazeni mpaka kidole kiume, kwa sababu chupa inayopumua inapoteza maji na kuacha chumvi, na joto la ndani ya basi mnalijua.

Jingine. Usifute kijiti kwa khanga yako. Nilifanya hivyo mwaka wa kwanza. Tulikuwa kwenye mtumbwi chini ya daraja, nimeshinda juani, najifuta uso kwa khanga, nafuta kijiti kwa khanga ile ile. Dada Yustina akatazama tarakimu, akanitazama mimi, akasema, "Leo tumepima jasho la Editha." Walinicheka mpaka mwezi ukaisha. Nyie pia mtachekwa, vumilieni.

Na la baharini. Safari yangu ya kwanza nje ya delta tulikuwa na Gaudence, fundi wetu wa boti, Mndamba wa hapa hapa, mtu wa samaki wa mtoni. Mchana tukabandika wali kwenye jiko la mkaa lililofungwa kwa nyaya pale nyuma ya boti. Gaudence akanung'unika kwamba chumvi imesahaulika. Akaangalia bahari, akaniangalia. "Dada, si hii hapa imejaa?" Nami nikaona wazo hilo lina akili sana. Tukachota, tukapika wali kwa maji ya bahari matupu. Nahodha, mtu wa delta, alitutazama tangu mwanzo hakusema neno. Tulipopakua akasogeza sahani yake pembeni, akatoa muhogo wake wa kuchemsha kwenye mfuko. "Kuleni, wageni," akasema. Tonge la kwanza liliufunga mdomo wangu kama limau bichi. Gaudence kwa ubishi alimeza matatu, na jioni ile alikunywa maji yetu ya akiba mpaka nahodha akayafungia. Dada Yustina aliposikia alisema angalau sasa tunajua tunachokipima.

Maji ya kupima tulikuwa tunayachota kwa mbele ya boti, upande upepo unakotoka. Kwa nyuma, injini inavuruga, inachanganya ya juu na ya chini, na inatema maji yake ya kupoozea. Hilo ni kubwa na wengi hawalijali. Bahari siyo sufuria iliyokorogwa. Mvua ikinyesha, maji yake yanakaa juu kwanza, kama mafuta juu ya mchuzi. Ukichovya juu unapata jibu hili, ukishusha chupa chini kidogo unapata jingine.

Hapo ndipo setilaiti inapoingia, na hapo nisikilizeni vizuri, kwa sababu ndipo ugomvi wangu ulipo.

Msije mkafikiri mimi naichukia setilaiti. Ni chombo cha ajabu. Haionji chumvi, wala haina jicho la kuiona. Kila kitu duniani kinatoa mawimbi hafifu ya redio, udongo, maji, hata wewe unayesoma. Maji baridi yanatoa zaidi kidogo, maji ya chumvi yanatoa pungufu kidogo. Yenyewe iko huko juu inasikiliza hiyo tofauti ndogo, inaondoa joto la maji, inaondoa mawimbi yaliyochafuliwa na upepo, halafu inakadiria chumvi ya ule utando wa juu kabisa wa bahari, mwembamba kama ukucha. Katikati ya bahari, ambako hakuna boti ya mtu, inajua mambo ambayo mimi na chupa zangu nisingeyajua hata nikizeeka. Kuna siku ilitofautiana na kipimo chetu, nikataka kushangilia. Dada Yustina akaninyamazisha. "Hawa wawili hawagombani," akasema. "Mvua imenyesha asubuhi. Yenyewe imeulizwa habari za juu, wewe umeulizwa habari za chini. Wote mmesema kweli."

Lakini karibu na nchi kavu haiwezi, na walioitengeneza wanasema wazi. Doa moja inaloliona ni pana kuliko kutoka Kibaoni hadi Kisawasawa. Ikiangalia pwani, ndani ya doa hilo kuna bahari na kuna ardhi, na ardhi inatoa mawimbi mengi kuliko maji yoyote. Basi inajumlisha, inapata mawimbi mengi, inadhani ni maji baridi. Pwani inaonekana tamu wakati ina chumvi. Ndiyo maana kwenye ramani ule ukanda umewekewa alama: msitumie. Ndiyo maana kuna boti. Ndiyo maana kulikuwa na mimi.

Sasa kwa nini tunajali utamu wa pwani? Kwa sababu kule delta wanalima mpunga.

Tulikuwa tunafikia kwa Bi Mwanahawa, mjane, ana mashamba yake kando ya mkono mmoja wa mto. Mara ya kwanza nilipoona majaruba yake nilitaka kulia, yalifanana na ya mama. Kule maji yanapanda na kushuka na bahari. Wanasia mbegu kwenye kitalu mahali pa juu, halafu wanangoja mto upate nguvu, uisukume chumvi nje, ndipo wanapandikiza. Wakipandikiza mapema, miche inaungua. Nyie mnaojua mpunga uliozidishiwa mbolea, ncha zinavyogeuka rangi ya majivu halafu mche unalala, ni hivyo hivyo.

Nilimuuliza Bi Mwanahawa mbona hawaonji maji wenyewe. Akacheka, akaniambia, "Mwanangu, huu ulimi umezaliwa na chumvi. Kisima chetu chenyewe kina chumvi. Mpaka niisikie mie, mpunga umekwisha kufa." Mche mchanga unadhurika kwa chumvi kidogo ambayo mtu wa kule anaiita maji matamu. Zamani walikuwa wanabahatisha tu. Tangu mradi uanze, wanangoja simu yetu. Tunapima nje ya delta, tunapima mikononi mwa mto, halafu ujumbe unakwenda kwa wakulima, neno moja: ngojeni, au pandikizeni. Neno hilo likifika, wanawake wanashuka majini hata kama jirani anafiwa. Wanaliamini hivyo. Mara nyingi mimi ndiye niliyelituma, na jina langu lilikuwa chini yake.

Msimu uliopita mimba yangu ilikuwa kubwa, nikabaki Ifakara. Dada Yustina alikuwa ameshaacha kazi, mgongo. Mvua za huku kwetu zilichelewa, nilikuwa nauona mto kutokea darajani, mdogo kama wa kiangazi. Nilijua kule chini bahari imepanda. Nikajifungua. Nikiwa bado nakunywa uji wa uzazi, simu ikaita.

"Editha mwanangu."

"Shikamoo Bi Mwanahawa."

"Marahaba. Umejifungua salama?"

"Salama, mama. Wa kike."

"Mungu amkuze." Nilisikia kuku kwake. "Mwanangu, mlituambia tupandikize. Tumepandikiza. Miche yote imeungua, ya kwangu na ya wenzangu. Kitalu kimekwisha, sina hata wa kurudishia. Nimesema nikuulize wewe, maana ujumbe ulikuja na jina lako."

Nilimwambia nitauliza. Yeye ndiye aliyenipa pole, kwamba nisijisumbue na uzazi mchanga. Maziwa yangu siku ile yalikata, mkitaka kujua.

Niliporudi kazini Bwana Mkude hakunificha kitu. Alinieleza kama mtu anayeeleza bei ya nyanya. Injini ya boti ilikufa. Kipuri kilichelewa. Wakubwa walitaka vipimo. Akafungua ramani ya setilaiti, akachukua tarakimu za pwani, zile zenye alama ya msitumie, akaziandika kuwa ni vipimo vya boti. Zilionyesha maji matamu. Ujumbe ukaenda: pandikizeni. Na chini yake akaliacha jina langu, kwa sababu wakulima wamelizoea.

"Ningefanya nini, Editha? Wewe uko leba, injini imekufa. Niwaambie nini watu?"

"Ungewaambia hatukupima."

"Mradi wa kupima unasema haukupima. Tungefungwa kesho yake."

"Wangesubiri, Bwana Mkude. Wale wamesubiri mto tangu mababu zao. Ungewaambia hatukupima, wasingepandikiza."

"Mambo ya ofisi huyajui wewe," akasema. "Wageni wanakuja wiki hii. Utasimama, utasema msimu ulikwenda vizuri. Wewe unajua kueleza."

Halafu mkutano ukawa ule niliowaeleza. Wageni walipoondoka aliniita mlangoni, nje kabisa, hata ndani hakunikaribisha. "Mama Anjela, pumzika. Lea mtoto. Bahari siyo mahali pa mama anayenyonyesha." Nikamwambia nilipokuwa na mimba ya miezi sita, kabla injini haijafa, nikapelekwa kwenye mawimbi, hakukumbuka hayo. Akasema barua itanifuata. Gaudence alikuwa pale anasafisha ile injini mbovu, akainama zaidi. Jioni alipita nyumbani na samaki, akaniwekea mkononi, kwamba ni wa Anjela, kama mtu anayetoa rambirambi. "Dada, mimi nina watoto wanne," akasema. Sikumlaumu. Nilimwambia nami ninaye mmoja.

Mume wangu anafanya vibarua Mngeta, hurudi mwisho wa wiki. Nilidhani atanigombeza. Alikula, akanawa, akasema, "Hao wa kule watapandikiza tena msimu huu?" Nikamwambia watapandikiza, wakisikia neno. "Nani atawatumia hilo neno?" Nikasema sijui, injini bado mbovu. Akasema, "Basi usikae kimya."

Kwa hiyo nyie mnaoomba nafasi hii, ombeni. Siwazuii, mtu anahitaji kazi. Suuzeni chupa zenu kwa maji ya pale pale. Kaeni mbele ya boti. Chukueni unga wenu na chumvi yenu ya kupikia. Mheshimuni nahodha hata akinyamaza, hasa akinyamaza. Na siku ambayo hamkupima, andikeni hatukupima, hata kama anayewasimamia anawaangalia kwa jicho baya. Dada Yustina alikuwa anapiga mstari mnene kwenye nafasi ya siku hiyo, na alikuwa anasema mstari ule ni kipimo kama vingine: unamwambia mkulima kwamba hatujui, angoje.

Malalamiko yangu nimeyapeleka kwa mkono wangu, Anjela mgongoni. Karani wa mapokezi aliyasoma yote amesimama, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia agonge muhuri. Nayaweka hapa kama yalivyo, ili atakayeajiriwa asiseme hakuambiwa.

*Kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Mradi.*

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU VIPIMO VYA BAHARI AMBAVYO HAVIKUPIMWA NA KUONDOLEWA KWANGU KAZINI*

*Husika na somo hapo juu. Mimi ni mpimaji wa chumvi katika mradi huu. Nalalamika kwamba vipimo vyote vya bahari vya msimu uliopita havikupimwa. Vilichukuliwa kwenye ramani ya setilaiti, ukanda wa pwani uliokatazwa kutumika, na vikaandikwa kuwa vimepimwa kwa boti. Mratibu amenieleza hayo mwenyewe.*

*Kwa vipimo hivyo wakulima wa delta waliambiwa wapandikize wakati maji yana chumvi, na miche yao ikaungua. Ujumbe huo ulitumwa kwa jina langu nikiwa kitandani nimejifungua. Sikuutuma na sikuruhusu.*

*Nimeondolewa kazini baada ya kusema hayo mbele ya wageni. Sababu niliyopewa ni kwamba nanyonyesha. Siyo kweli, na naomba nirudishwe.*

*Hata hivyo, kama Bodi ina nafasi ya kushughulikia jambo moja tu kwa sasa, naomba langu lisubiri. Boti bado haina injini inayofanya kazi, na mvua zimekaribia. Wakulima bado wanangoja simu yetu na bado wanaiamini. Naomba wapigiwe, kwa jina la mradi na siyo langu, waambiwe kwamba msimu uliopita hatukupima, na kwamba hadi leo hatupimi. Waambiwe kabla hawajaloweka mbegu.*

*Wenu katika kazi,*
*Editha, mpimaji.*